Aliyecheka Kwenye Wimbo wa Kilio

Siku ya kumzika baba mkwe wake, Mama Pasi aliwekwa bombani aoshe masufuria. Hajasahau, na wala hana mpango wa kusahau. Masufuria yenyewe hayakuwa mengi, yalikuwa matano. Aliwekwa pale kwa sababu wifi yake, dada wa mumewe, aliwaambia wanawake waliojaa sebuleni, "Huyo msimlete huku ndani kwenye maombi. Huyo hucheka penye kilio."

Basi wakamwacha nje. Mwili ukatolewa kwa mlango wa mbele, yeye yuko nyuma ya nyumba, amechutama, anasugua masizi kwa jivu. Aliposikia wanaume wanaambizana washike vizuri kwenye ngazi, ndipo alipojua kwamba mzee ndiyo anaondoka hivyo. Alikimbia na mikono yake myeusi akakuta vumbi la gari. Na mashati ya yule mzee ni yeye aliyeyapiga pasi miaka tisa. Hata shati alilovalishwa siku hiyo alilinyoosha yeye, alfajiri, peke yake, machozi yanadondokea kola, pasi inapita juu yake, tsss, yanakauka, yanadondoka mengine.

Mtu huyo ndiye wa kuambiwa hucheka penye kilio.

Sasa lile neno lilitoka wapi? Lilitoka ukumbini, miaka mitatu kabla ya msiba, na lilitokana na mchekeshaji mmoja aliyekuwa anapiga pasi. Ukitaka kuelewa lazima kwanza umjue mwanamke mwenyewe.

Mama Pasi alisoma mpaka darasa la pili, akatolewa. Akajua kusoma majina kwenye vile vikaratasi vinavyobanwa kwenye nguo za wateja, na hayo yakamtosha. Alianza kazi kwa dobi akiwa kifua chake hakijafika hata ukingo wa meza, anawekewa kreti asimamie. Chumba chenyewe kiko nyuma ya duka, kina dirisha moja lililopakwa rangi ili wapita njia wasichungulie, meza mbili zilizofungwa mablanketi, kopo la maji lililotobolewa kifuniko kwa msumari, na joto. Joto la mle ndani likikupiga mara ya kwanza unadhani umefungua tanuri. Yeye amesimama humo miaka thelathini na tano. Miguu imevimba, vidole vya mkono wa kulia havijui tena moto.

Lakini nguo anaijua. Mpe shati alikunje na kulikunjua, atakwambia mwenye shati anaandika kwa mkono gani, anabeba mzigo bega gani, mkewe amemnunia au hajamnunia. Na kupiga pasi kwake si kupitisha chuma juu ya kitambaa, kama wanavyodhani hawa wanaonunua pasi za umeme wakajiita wanajua. Shati lina mpangilio. Unaanza na kola. Unakuja mabegani. Unaenda mikononi, pindo la mkono kwanza. Halafu mgongo. Kifua kinakuja mwisho, kwa sababu kifua ndicho kinachoonekana, na ukikianza, kila utakalolifanya baadaye litakikunja. Wasichana wapya aliwafundisha hivyo, na aliyekosea alichapwa mgongoni kwa kitambaa chenye unyevu. Hawakukosea mara ya pili.

Starehe yake ilikuwa moja tu. Kila mwaka kundi la maigizo lilipita mjini na lori lao, likafunga mapazia kwenye ukumbi, likacheza siku tatu, likaondoka. Ulikuwa mchezo wa nyimbo, wenye ngoma, vinanda, watu wa kucheza, na hadithi ni ile ile: bwana harusi tajiri, bibi harusi anamkimbia asubuhi ya harusi, wanatafutana, wanapatana. Wengi walimfuata bwana harusi. Huyo alikuwa mwimbaji mkuu, mwanaume mrefu mwenye sauti ya kulainisha mawe, na alikuwa akiimba anatanguliza kifua mbele kama jogoo anayepita kwa jirani. Mama Pasi alimwita Kifua. Jina likashika mpaka wauza tiketi wakalitumia.

Yeye hakumfuata Kifua. Yeye alimfuata Kandambili.

Kandambili alicheza mtumishi wa bwana harusi. Alikuwa kijitu kifupi chenye masikio makubwa, anavaa kandambili moja nyekundu, moja ya buluu, zote mbili za mguu wa kushoto. Kwa hiyo mguu wake wa kulia ulikuwa kila wakati unataka kwenda njia yake, na yeye anaubembeleza urudi. Hakuwahi kuuonyesha kwa kidole, hakuwahi kusema lolote juu yake. Watu walikuwa wanacheka nusu saa nzima bila kujua wanachochekea ni mguu. Wachekeshaji wengine hujipaka masizi, hukenua, hupiga kelele, wakianguka wanakutazama kuona kama umecheka. Kandambili alikuwa akianguka anaona aibu. Anajipangusa, anatazama huku na huku kama kuna aliyemwona, na ukumbi mzima umemwona. Hapo mtu unacheka mpaka unashika mbavu, na huku moyo unakuuma kidogo. Mama Pasi alikuwa akisema mtu yule amewahi kufanya kazi ya kweli, mikono yake inajua uzito wa vitu. Akibeba ndoo tupu jukwaani, ungeapa ina maji.

Basi mwaka ule wifi yake akaomba waende pamoja. Wifi huyu alikuwa karani wa ofisi ya maji, anavaa miwani yenye mnyororo, na alipenda kuonekana mahali. Alikaa na Mama Pasi safu ya sita, huku majirani wanne wa mtaani wakiwa safu ya nyuma yao.

Ukafika ule wimbo. Bibi harusi ameshakimbia. Kifua anatoka mbele kabisa, taa zote juu yake, anaimba ameachwa, dunia imemwishia, afadhali afe. Ukumbi kimya. Wanawake wanatoa vitambaa. Na kule nyuma, kwenye kigiza, Kandambili amewekewa meza na pasi ya mkaa, ananyoosha shati la harusi ambalo sasa halina harusi. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Nani atazame mtumishi wakati bwana analia?

Mama Pasi alimtazama. Alitazama mikono yake, kama unavyotazama mtu wa kazi yako. Akaona ameanza na kifua. Akajisemea moyoni, huyu hajui, kumbe nilimsifu bure. Kandambili akamaliza kifua, akakinyoosha vizuri ajabu, akaridhika nacho, akakipigapiga. Akaligeuza shati afanye mgongo, kifua kikalaliwa, kikakunjika. Akafanya mgongo, ukawa safi. Akavuta mkono wa shati, mgongo ukakunjika. Akafanya mikono yote. Akashika kola, mikono ikajikunja chini yake. Akainua shati, akaona kifua kimekuwa kama karatasi iliyofinyangwa. Akalitazama muda mrefu. Halafu akainama, akaanza upya na kifua. Na kila akipitisha pasi, anaipitisha sawasawa na kilio cha bwana wake, mstari kwa mstari, na uso wake una huzuni ya mtu anayemfanyia kazi bwana aliyevunjika moyo, akijua kabisa kwamba shati hili halitaisha leo, halitaisha kesho, litamzika.

Ndipo Mama Pasi alipocheka.

Na kicheko chake si cha kuficha. Ni mwanamke aliyezoea kuongea kwa sauti ya kushinda kelele za mashine za kufulia. Kilitoka kama sinia lililoangushwa jikoni. Vichwa vyote vikageuka. Alijiziba mdomo, akatazama tena mezani, Kandambili ndiyo kwanza anarudi mgongoni, kikatoka kingine kikubwa kuliko cha kwanza.

Kifua akanyamazisha vinanda kwa mkono. Akatazama safu ya sita, akasema kwa ile sauti ya kulainisha mawe, "Mtoeni huyo mama. Hana moyo."

Mlinda mlango akaja, akamshika mkono wa juu, akamvuta kama anayevuta mbuzi, nguo ikachanika kwapani. Akauliza nani yuko naye. Wifi alikuwa anatazama mbele, amekaza shingo, kama anahesabu mikunjo ya pazia. Mama Pasi alimgusa bega wakati anapita. Yule wifi akasogeza bega.

Alitembea mpaka nyumbani ameshika kwapa.

Kesho yake mtaa mzima ulikuwa nayo. Wifi alikuwa amefika kabla ya jua. Alisimulia kisimani, alisimulia ofisini, kila akisimulia anaongeza chumvi, mpaka ikawa Mama Pasi alipiga makofi, mara alisimama juu ya kiti. Mwisho wa yote anasema lile neno la Kifua, hana moyo. Wateja wakawa wanamtania wakileta nguo. Watu wakamwita Cheka-Msiba. Mumewe mwenyewe, fundi viatu, mtu wa maneno machache, alimuuliza mara moja tu ni nini kilichomchekesha. Akamweleza habari ya kola na kifua. Mume akafikiri, akasema, "Sasa hicho ni kichekesho?" Tangu hapo Mama Pasi hakumweleza mtu mwingine tena.

Mara ya kwanza ilikuwa utani. Halafu ikawa sheria. Mtu akiugua, Mama Pasi haitwi. Mtoto wa jirani akifeli, watu wananyamaza yeye akipita. Na miaka mitatu baadaye ndiyo ikawa lile bomba. Tangu siku ile ya kutolewa alikata mguu ukumbini. Kicheko nacho alikifungia. Wasichana wa pale kazini wa miaka ya karibuni wanasema hawajawahi kukisikia, wanadhani ni mtu wa kununa tu, wanamwogopa.

Miaka kumi na minne ikapita tangu ule wimbo. Mwaka jana lori la kundi likaja kama kawaida, na kwa kuwa dobi wao wa siku zote alikuwa amefunga duka, wakaleta nguo za jukwaani pale kwa kina Mama Pasi. Na aliyezileta, furushi begani, masikio yamezidi kuwa makubwa na nywele zimekuwa nyeupe, alikuwa Kandambili mwenyewe.

Nje ya jukwaa hakuwa na kichekesho chochote. Alikuwa mzee mpole mwenye magoti mabovu. Alifungua furushi juu ya meza, akatoa shati jeupe, akaliweka kando.

"Mama, hizi zote nyoosha. Hili shati usiliguse, liache na mikunjo yake."

Mama Pasi hakuinua macho. Alikuwa na suruali ya mtu chini ya pasi. "Linafanya kazi gani siku hizi?"

"Nalishika tu mkononi. Kuna wimbo wa bwana mkubwa, mimi nasimama nyuma nimelishika, nimewapa watu mgongo."

"Zamani ulikuwa unalipiga pasi. Ulikuwa unaanza na kifua ili lisiishe mpaka kiama."

Yule mzee akaketi kwenye kreti bila kukaribishwa. Akamuuliza nani amemwambia habari hizo.

"Macho yangu yameniambia. Halafu mlinda mlango wenu akanichania nguo."

 Mzee akasema polepole kwamba anakumbuka. Safu ya katikati, upande wa kushoto. Akamweleza kwamba mama yake alikuwa mpiga pasi kwenye majumba ya watu, yeye amekulia chini ya meza ya pasi, na lile jambo alilitunga mwenyewe kwa ajili ya mama yake aliyekwisha kufa. Alilicheza miezi sita, mji hadi mji, hakuna hata mmoja aliyeliona. Kwao alikuwa mtu anapiga pasi tu. Halafu siku moja, katika mji huu, akasikia mtu ameliona. Alisema pasi ilitaka kumponyoka kwa furaha. Alisema mpaka leo, akiwa na siku mbaya, hukikumbuka kile kicheko.

Unadhani Mama Pasi alilainika? Aliisimamisha pasi wima mezani, akamgeukia. Miaka yote alikuwa akimpenda mtu huyu kuliko watu wengi wa damu yake, na sasa alimwona mbele yake, na hasira ikampanda kuanzia kwenye ile miguu iliyovimba.

"Kwa hiyo ulifurahi. Mimi naburutwa, wewe umesimama pale juu unafurahi. Kwa nini hukusema neno?"

"Niliogopa, mama. Bwana mkubwa ndiye mwenye kundi. Ningesema angenifukuza."

"Wewe uliogopa kufukuzwa. Mimi nilifukuzwa."

 Mzee akasema baada ya siku ile Kifua alimpiga marufuku kugusa pasi ndani ya wimbo wake, akaamriwa awape watu mgongo. Akasema anamwomba radhi. Mama Pasi akamwambia radhi akaitie kwenye furushi aondoke nayo. Akamsomea yote, kuanzia jina la Cheka-Msiba mpaka masufuria matano, na hakupunguza sauti, wasichana wa kule mbele wakaacha kuhesabu nguo. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwisho akauliza, sasa yeye anataka nini.

"Nataka ulipige pasi tena. Kama vile vile, ndani ya wimbo ule ule. Watu walione."

"Hawataliona. Sijakwambia? Miezi sita hawakuliona. Linaonwa na anayejua kazi."

"Basi wafundishe kazi. Una mdomo, una ngoma, una ukumbi mzima umekaa unakutazama. Mimi nafundisha wasichana wasio na akili kwa siku moja. Wewe unashindwa?"

Yule mzee akamtazama. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aingie, uso wake ukafanya jambo. Nyusi zikapanda kidogo, zikashuka, kama mtu aliyekuta kitu mfukoni ambacho alidhani kilipotea. Akasema Kifua atamtimua. Mama Pasi akasema magoti yenyewe hayo yamebakiza safari ngapi, na je, anataka kumaliza kazi ya maisha yake amewapa watu mgongo kama punda kwenye mvua? Kandambili akalichukua shati jeupe, akaondoka. 

Jumapili saa nane mchana Mama Pasi alivaa nguo yake ya buluu, akaenda ukumbini. Mlinda mlango alikuwa yule yule, amenenepa. Hakumtambua. Wifi alikuwepo, angekosa wapi, safu ya tano, na wale majirani wake, wale wale waliokuwa sebuleni siku ya mazishi, wamepangana kama vyombo kabatini. Palikuwa na kiti kitupu karibu na wifi ambacho alikuwa amekiwekea mkoba. Mama Pasi akauinua mkoba, akampa mapajani, akaketi.

Wifi akarekebisha miwani. "Na wewe umekuja? Leo tafadhali usitutie aibu."

Mama Pasi akamwambia atazame mbele, kutazama mbele anakuweza.

Mchezo ukaanza. Kandambili akatoka na kandambili zake za mguu mmoja, magoti mabovu yakazidisha utamu, ukumbi ukaangua kicheko tangu hatua ya kwanza. Kwenye maandalizi ya harusi akasukuma meza katikati na pasi juu yake. Akashika lile shati, akalizungusha, haoni pa kuanzia. Akaja ukingoni mwa jukwaa, akauliza kama kuna mtu humo anayejua shati linaanzia wapi. Wanawake wakajibu kila mmoja lake. Akatega sikio kubwa, akachagua, akampa ishara mpiga ngoma, akawafundisha kwa mdundo: kola, mabega, mikono, mgongo, kifua mwisho. Akiwageukia wanaume wanakosea, anasikitika, anawarudisha kwenye kola. Watoto wakaimba. Wifi akaimba, anapiga kiganja kwenye mkoba. Mara nne, mara tano, mpaka ukumbi mzima ulikuwa umehitimu. Kule pembeni ya pazia Kifua alionekana amesimama anatabasamu, anaona mzee wake leo amechangamka, mambo mazuri.

Halafu bibi harusi akakimbia, taa zikazimwa, taa moja ikabaki. Kifua akaja mbele na kile kifua chake, ambacho sasa kilikuwa kimeshuka kidogo tumboni, akaanza kulia kwa wimbo. Na nyuma yake, kwenye kigiza, Kandambili hakuwa amewapa watu mgongo. Alikuwa amesimama mezani. Alikuwa ameanza na kifua.

Kwanza alikuwa mtoto mmoja. Akasema kwa sauti nyembamba, "Kola kwanza." Watu wakamnyamazisha, lakini wakatazama. Kandambili akaligeuza shati. Mwanamke mmoja huko nyuma akaguna. Akavuta mkono wa shati, mgongo ukakunjika, na safu nzima upande wa kulia ikapasuka kwa kicheko. Akainua shati kwenye mwanga, akakiona kifua, akakihuzunikia, akakirudia. Hapo ukumbi mzima ukalipuka. Watu mia nne walicheka kwenye wimbo wa kilio, walicheka mpaka viti vinalia, wanaimbiana kola, kola, na kila Kifua alipopandisha kilio ndivyo pasi ilivyopita taratibu juu ya mgongo usiofaa kitu. Kifua alinyamazisha vinanda. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akatafuta mtu wa kutolewa. Mlinda mlango alishuka hatua tatu kwenye njia ya katikati, akasimama, akawatazama wale watu mia nne, akarudi mlangoni.

Wifi alikuwa amevua miwani. Alikuwa anacheka machozi yanamtoka, anampiga Mama Pasi pajani, anasema yule mtu ataniua, wifi, ataniua.

Mama Pasi hakucheka. Si kwamba hakuona. Aliona zaidi ya wote, aliona hata jinsi mzee alivyobadilisha mkono ili goti lipumzike, na kwamba alikuwa anacheza vizuri kuliko miaka kumi na minne iliyopita, kwa sababu sasa ile huzuni haikuwa ya kuigiza. Alimpenda kwa hilo, na bado alikuwa na hasira naye. Lakini alikuwa na kazi nyingine. Alikuwa anamtazama wifi yake anavyocheka, meno yote nje, na alimwacha acheke ashibe.

Walipotoka, jua lilikuwa bado kali kwenye ngazi za ukumbi. Majirani wanne walikuwa wanapangusa macho, wanaigizana. Mama Pasi akasimama ngazi ya chini, akamziba wifi njia.

"Umecheka," akamwambia.

"Nani asingecheka, wifi?"

"Umecheka kwenye wimbo gani?"

 Majirani wakaacha kuigizana.

Mama Pasi akamwambia kwamba siku ile mtu yule yule alilifanya hilo hilo, kwenye wimbo ule ule, na wifi alikuwa amekaa karibu naye na macho yake kichwani. Tofauti ni kwamba leo wamefundishwa. Yeye Mama Pasi alikuwa ameshajua. "Nilicheka kama ulivyocheka wewe sasa hivi," akasema. "Ukaniharibia jina. Ukasema sina moyo. Baba alizikwa mimi niko bombani."

Wifi alitazama chini, akasema hayo ni ya zamani, yamepita, wameshakuwa watu wazima. Mama Pasi akasema hayajapita popote, amelala nayo kila siku. Wifi akaona watu wanaoshuka ngazi wameanza kupunguza mwendo, akasema haraka, "Basi nisamehe. Unataka nipige magoti hapa?"

"Magoti yako ya nini? Mdomo ndio uliofanya kazi, mdomo ndio utakaorudi kazini. Geuka uwaambie hawa."

Wifi akageuka. Akawaambia majirani kwamba wifi yake siku ile, ile ya zamani, hakuwa amecheka kilio. Alikuwa amecheka shati. Akasema wifi yake aliliona kabla yao. Sauti ilikuwa inamtoka kidogo kidogo kama maji ya bomba bovu, na kila akitaka kuishia hapo Mama Pasi hasogei.

Mmoja wa majirani, bibi mshona magodoro, ndiye mkubwa wao na siku ya mazishi alikuwa amekaa karibu na jeneza, akamkatiza. "Sasa ile siku ya mzee. Tulimwacha nje kwa sababu yako wewe. Ulisema ana kawaida ya kucheka penye kilio. Ilikuwa kweli au si kweli?"

"Haikuwa kweli."

"Kwa hiyo tulimwacha nje bure."

Wifi akavuta mnyororo wa miwani, akauzungusha kwenye kidole. "Bure," akasema.

Mshona magodoro akatikisa kichwa, akamwendea Mama Pasi, akamshika mkono ule usiojua moto, akamwambia, "Mwenzangu, tulikukosea mbele ya maiti." Wale wengine watatu wakaja mmoja mmoja. Mama Pasi aliwapa mkono, hakuwaambia si kitu, kwa sababu ilikuwa kitu.

Wifi alibaki amesimama ngazi ya pili, anangoja zamu yake ya mkono. Mama Pasi alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, kama anavyotazama nguo iliyoletwa na doa asilolijua. Hakumsamehe. Akamwambia kwamba kwa leo mdomo wake umemaliza kazi, anaweza kwenda nyumbani.